Wenzetu wa Chama Waliotangulia Mbele ya Haki

Hotuba ya Ijumaa kwa Waislamu wa Mwembesongo, Morogoro

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeumba mauti na uhai ili atujaribu ni nani miongoni mwetu aliye mwema zaidi wa vitendo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake, na kila aifuataye njia yao mpaka siku ya malipo.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni, na nafsi zetu tunaanza kuziusia, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani hiyo ndiyo akiba pekee isiyooza kaburini.

Hotuba yetu ya leo inawahusu watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya majumba wala barabara. Hao ni wenzetu waliokuwa wanachama wa vyama vya kuzikana na kusaidiana, na ambao sasa wao wenyewe wamekwisha kuzikwa. Hapa Mwembesongo, kama ilivyo katika mitaa mingine ya mji wa Morogoro, vyama vya namna hii si vigeni kwa mtu. Wanachama hutoa ada yao kidogo kidogo. Ukitokea msiba, mfuko hununua sanda na manukato ya maiti. Vijana huchukua majembe na sururu wakaenda kuchimba kaburi na kutengeneza mwanandani. Wazee hukosha maiti. Kinamama humkosha mwanamke mwenzao, kisha huingia jikoni. Mikeka, sufuria na turubai hutolewa, na baada ya siku chache hurudishwa vikingojea msiba mwingine.

Watu wanaofanya kazi hii hatuwasikii wakisifiwa. Nao hufa kama tunavyokufa sote. Swali tunalojiuliza leo ni hili: aliyewazika wenzake kwa miaka mingi, anapozikwa yeye, sisi tuliobaki tunawiwa naye nini?

Ndugu zangu, kabla ya kujibu swali hilo, ni vizuri tukumbuke haja iliyovifanya vyama hivi vizaliwe. Katika milima ya Uluguru mtu hakufa peke yake. Mluguru alikuwa na ukoo wake wa upande wa mama, alikuwa na wajomba na wapwa, na alikuwa na watani waliojua wajibu wao msibani. Lakini reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya katani yalipoenea katika nchi hii, walikuja watu kutoka mbali kutafuta kazi. Baadaye vikaja viwanda, navyo vikaleta wengine. Mtu aliishi katika chumba cha kupanga, mama yake yuko safari ya siku nyingi, na ukoo wake haujui hata jina la mtaa anaokaa. Mtu huyo akifa usiku, nani angemkosha? Nani angempeleka makaburini? Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, wageni waliokutana kazini ndio waliojibu kwa kuungana. Jirani akawa ukoo. Kwa hiyo chama cha kuzikana si mchezo wala si starehe. Ni ahadi kwamba hapana mtu atakayefia katika mtaa wetu akakosa wa kumbeba.

Na ahadi ya namna hii ina asili njema katika historia ya dini yetu. Kabla ya kupewa utume, Mtume Muhammad (S.A.W.), akiwa bado kijana, alihudhuria mapatano yaliyofanyika Makka katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Sababu yake ilikuwa mgeni kutoka Yemen aliyeuza bidhaa zake kwa mkubwa mmoja wa Makka, na mkubwa yule akakataa kumlipa. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea. Watu wema wakakutana, wakaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Mapatano hayo yaliitwa Hilf al-Fudul. Miaka mingi baadaye, Uislamu ukiwa umekwisha simama, Mtume alieleza kwamba hata wakati huo angeitwa kwa mapatano kama yale angeitika. Tazameni basi: watu wanapofungamana kuwahudumia wanyonge, Uislamu hauwakatazi. Huwatia nguvu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Marehemu wetu tunawiwa nao mambo manne.

La kwanza ni kutowasahau kwa sababu ya unyonge wao. Imepokewa katika hadithi iliyo katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwamba palikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume. Siku moja Mtume hakumwona, akauliza habari zake. Akaambiwa amekwisha kufa na amekwisha kuzikwa. Masahaba hawakumjulisha Mtume, kana kwamba waliliona jambo la mfagizi kuwa dogo. Mtume hakuridhika. Alitaka aonyeshwe kaburi, akaenda, akamsalia pale pale. Sisi nasi tujiulize: mzee aliyekuwa akitangulia makaburini alfajiri na jembe begani, bibi aliyekuwa akikosha maiti ambazo hata jamaa zao waliogopa kuzigusa, kaburi lake tunalijua? Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Hashri, aya ya 10, anawasifu waumini waliokuja nyuma ambao hujiombea maghufira wao na ndugu zao waliowatangulia katika imani. Chama kinachofungua kikao chake bila ya kuwaombea waliotangulia kimeacha njia hiyo.

La pili ni deni. Maiti mmoja aliletwa mbele ya Mtume ili asaliwe. Mtume akauliza kama anadaiwa. Akaambiwa anadaiwa dinari chache, na hakuacha cha kuzilipa. Mtume akawaambia masahaba wamsalie wao. Ndipo Abu Qatada aliposimama akalichukua deni lile juu yake, na Mtume akamsalia. Na imepokewa pia kwamba Mtume aliendelea kumwuliza Abu Qatada mpaka alipohakikisha kwamba deni limelipwa. Haya ndiyo makumbusho ya kweli. Hotuba ndefu ya kumsifu marehemu haimpunguzii deni hata senti moja. Kwa hiyo chama chochote kinachotaka kumheshimu mwanachama wake kianze kwa kuuliza: nani alikuwa akimdai? Na kiulize vile vile: je, chama chenyewe kilikuwa kikidaiwa naye? Maana huenda aliwahi kukopesha mfuko, au alinunua vitu vya msiba kwa fedha yake akingojea kurudishiwa, kisha mauti yakamfika. Haki hiyo sasa ni ya warithi wake. Haifutiki kwa kuwa mwenyewe hayupo kuidai.

La tatu ni watu wake. Khabari ilipofika Madina kwamba Jaafar bin Abi Talib ameuawa katika vita vya Muta, katika mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliagiza chakula kipikwe na kupelekwa kwa watu wa nyumba yake, kwa sababu wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Sunna ni majirani kuwalisha wafiwa. Leo mara nyingi tunaona kinyume chake: wafiwa ndio wanaowalisha majirani. Mchele ununuliwe, mbuzi achinjwe, na gharama itolewe katika mali aliyoiacha marehemu, hali watoto wake wadogo hawajatenganishiwa fungu lao. Sisi hapa hatuna nia ya kugombana na mtu juu ya namna anavyomwombea maiti wake. Tunasema jambo moja ambalo maulamaa wote wameafikiana: mali ya yatima ni moto kwa anayeila kwa dhuluma, na onyo hilo limo katika Sura ya Nisaa, aya ya 10. Basi kumbukumbu yoyote ya mwanachama isigharimiwe na mayatima wake.

Wala huruma isikome siku ya arobaini. Mtume alikuwa akichinja kondoo huwapelekea nyama marafiki wa marehemu mkewe, Bibi Khadija, miaka mingi baada ya kufa kwake. Ikiwa marafiki wa marehemu walikumbukwa hivyo, watoto wa marehemu wanastahiki nini?

La nne ni kuiendeleza kazi yao. Mtume ametufundisha kwamba mwanadamu akifa vitendo vyake hukatika, isipokuwa mambo matatu: sadaka iendeleayo, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Hapa nchini tunao mfano. Mwaka 1933 Waislamu wa Dar es Salaam waliunda chama cha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Kleist Sykes, ambaye pia alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association mwaka 1929. Watu wa Jamiatul Islamiyya walijenga shule ili watoto wa Kiislamu wasome dini yao pamoja na masomo ya dunia. Kleist Sykes alifariki mwaka 1949. Mwasisi huenda, elimu iliyotoka katika kazi ya mikono yake hubaki ikizaa. Na jembe la chama chetu cha mtaa ni hivyo hivyo: aliyelinunua amekufa, nalo bado linachimba.

Ndugu Waislamu, sasa tunafika kwenye jambo zito, ambalo kwa ajili yake hasa tumeiandaa hotuba hii.

Kila chama kina daftari, na kila daftari lina kanuni. Asiyelipa ada kwa miezi kadhaa, jina lake hukatwa. Kanuni hiyo ina sababu, kwani mfuko usiotiwa kitu hautatoa kitu, na mwenye uwezo anayekwepa ada huwadhulumu wenzake. Lakini tuangalie ni nani anayekatwa mara nyingi. Ni mtu aliyeugua akaacha kazi. Ni mzee ambaye nguvu zimemwishia. Ni mjane ambaye aliyekuwa akimlipia amekufa. Mtu huyu ametoa ada yake kwa miaka, amechimba makaburi ya wenzake, na mwezi anaposhindwa ndio mwezi anaouhitaji msaada. Kisha akifa daftari hufunuliwa, kidole hupita juu ya mstari uliokatwa, na watu husema: huyu si wetu tena.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nani aliyesema kwamba miaka yote ile imefutika kwa wino wa kalamu moja? Mtume (S.A.W.), Mwenyezi Mungu alipomfungulia riziki, alitangaza kwamba muumini atakayekufa akiacha deni, deni hilo ni juu yake yeye, na atakayeacha mali, mali hiyo ni ya warithi wake. Kiongozi alijitwika mizigo ya maskini, na faida akawaachia watu wao. Nasi tunataka kufanya kinyume, tuchukue ada za mtu alipokuwa mzima, na alipoanguka tumwachie mzigo wake?

Tena kumkosha maiti wa Kiislamu, kumvika sanda, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiifanya baadhi, wengine husalimika. Wasipoifanya wote, wote wana dhambi. Faradhi hiyo ilikuwapo kabla ya chama, na haikatwi na kanuni ya chama.

Mji wetu wenyewe umekwisha kutuonyesha kwamba tunaweza. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika, na moto ukalipuka. Waliokufa, pale pale na baadaye hospitalini, walizidi 100. Baadhi yao waliungua hata sura zao hazikutambulika. Siku ya pili mazishi yalifanyika katika makaburi ya Kola, nao waliokwenda kuzika walikuwa wengi, na si wote waliokuwa na ndugu yao ndani ya majeneza yale. Hapakuwa na aliyeuliza kama maiti huyu amelipa ada ya mwezi wa saba. Ikiwa tuliweza kumzika tusiyemjua hata sura, tutashindwaje kumzika mwenzetu tuliyekula naye sahani moja?

Kwa hiyo tunavinasihi vyama vyetu mambo machache. Kila chama kiwe na fungu dogo, mbali na mfuko wa kawaida, la kumlipia ada mgonjwa, mzee na mjane. Jina la mtu lisikatwe kabla ya watu wawili kwenda nyumbani kwake, wakapiga hodi, wakaijua hali yake. Majina ya waliokufa yaandikwe katika ukurasa wao maalum na kusomwa mara moja kwa mwaka, pamoja na kazi aliyoifanya kila mmoja na watoto aliowaacha, na kikao kisifungwe mpaka ijulikane hali ya watoto hao. Nanyi wanafunzi, msiache kazi hii kwa wazee peke yao. Jifunzeni kukosha maiti na kuchimba kaburi, kwani mikono inayoyajua mambo hayo inapungua, na siku moja mtageuka kulia na kushoto msimwone wa kumwuliza.

Ewe Mola wetu, wasamehe wenzetu waliotangulia, wake kwa waume, wenye majina yaliyoandikwa na wenye majina yaliyokatwa. Wapanulie makaburi yao kama walivyowachimbia wenzao. Wajaalie mayatima wao wapate walezi, na wajane wao wapate wa kuwapigia hodi. Utujaalie sisi tuwe watimizaji wa ahadi, na utakapoifika siku yetu, utujaalie watu wa kutubeba. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.