Walisimama kimya kwa ajili ya mtu aliye hai

Maneno ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wetu wa Uvira, siku washabiki wa zamani walipomkumbuka Ndaye Mulamba



Katibu amenipa dakika kumi za kusema juu ya mpira. Nitasema juu ya mpira, lakini mwishoni nitafika kwenye sanduku letu la matanga. Muhasibu asishituke.

Jana nilimuuliza kijana mmoja wa karitie, aliyevaa jezi ya timu ya Ulaya, kama anamjua Pierre Ndaye Mulamba. Akanijibu: "Papa, huyo ni mwanamuziki?" Mnacheka. Kosa si lake, ni letu sisi tulionyamaza.

Ndaye alizaliwa mwaka 1948 kule Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Alichezea V.Club ya Kinshasa, na mwaka 1973 V.Club ikabeba kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Machi 1974 akaenda Misri na Leopards kwa Kombe la Mataifa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa watoto wengi kwenye dirisha la jirani mwenye redio, na yule jirani alikuwa anatufukuza kila tukipiga kelele, kisha tunarudi. Fainali ilikuwa Zaire na Zambia, ikaisha 2-2. Siku mbili baadaye wakarudilia mchezo, tukashinda 2-0. Sikilizeni vizuri, vijana: yale magoli manne ya Zaire, yote manne ni Ndaye. Katika kombe lile zima alifunga 9. Mbele yake Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire alikuwa amefunga 8 mwaka 1970. Tangu 1974 amepita Eto'o, amepita Drogba, amepita Salah, na hakuna hata mmoja aliyefika 9 katika kombe moja.

Walimwita Volvo, na tena walimwita Mutumbula. Wazee hapa wanajua mutumbula ni nani, ni yule waliyekuwa wanatutishia naye usiku ili tulale. Magolikipa walimwogopa hivyo.

Miezi mitatu nyuma ya ushindi ule, Leopards wakaenda Ujerumani, Kombe la Dunia. Wachezaji wenyewe wamesimulia mara nyingi kwamba pesa walizoahidiwa hazikuwafikia, na kwamba walikaribia kukataa kuingia uwanjani. Wakaingia, Yugoslavia ikawafunga 9-0. Hiyo tisa ndiyo watu wanaikumbuka, ile ya Ndaye hawaikumbuki. Katika mchezo uleule, dakika ya 22, mchezaji mmoja wa kwetu alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Alikuwa Mwepu Ilunga. Mwamuzi akageuka, akamtoa Ndaye. Hakumuuliza mtu. Ndaye akatoka kwa kosa la mguu wa mwingine.

Mwaka 1994 waliomkumbuka walimwita Tunisia, kwenye Kombe la Mataifa, wakampa heshima mbele ya watu. Akarudi nyumbani. Wenye silaha wakamfuata, wakampiga risasi ya mguu, juu walifikiri mchezaji mkubwa kama yule hawezi kukosa pesa.

Hapo nataka nisimame kidogo.

Nani kati yetu tuliorudi hajui jambo hili? Niliporudi kutoka Afrika Kusini, nilishuka gari pale sokoni na mfuko mmoja. Ndani kulikuwa na viatu jozi mbili, shati, na ile gile ya kung'aa ya kulindia magari. Jamaa walikaa na mimi mpaka saa sita za usiku. Walikuwa wanazungumza vizuri, wanakula, lakini macho yao yalikuwa kwenye mfuko. Asubuhi nikaufungua mbele yao wote. Shangazi yangu akasema: "Si useme pahali ulipoficha." Mpaka leo kuna ndugu anayeamini nina dola chini ya ardhi. Na wale waliotoka Nyarugusu na Lugufu wanajua: watu wanafikiri wazungu waliwapa kila mtu bahasha ya kurudia. Kwa hiyo mtu anaficha umaskini wake kama vile mwingine anavyoficha mali, kwa woga uleule.

Vita vilipoingia, Ndaye alipoteza mutoto wake wa kwanza, akauawa. Mwaka 1996 akakimbilia Afrika Kusini peke yake, hana kitu. Alifika Johannesburg, kisha Cape Town, familia moja ya mtaa wa maskini ikampokea. Kazi aliyopata ni kulinda magari kwenye parkingi.

Sikumjua kule, nisiwadanganye. Lakini kazi ile naijua. Pahali nilipokuwa, asubuhi ulikuwa unalipa kwanza wewe, ili uruhusiwe kusimama pale. Mshahara hakuna. Unamwonyesha mwenye gari nafasi, unalinda, akirudi anakupa sarafu, au anapandisha kioo. Mvua ya Cape Town inakuja kwa upembeni, mwavuli hausaidii. Kati yetu kulikuwa na mwalimu wa hesabu, kulikuwa na mhubiri, na Wakongo tulikuwa wengi sana. Hakuna aliyemuuliza mwingine zamani alikuwa nani, juu jibu lilikuwa linaumiza. Nikifikiri kwamba katika mji uleule, chini ya gile kama yangu, alisimama mtu wa magoli 9, roho inanibana.

Sasa tusikie hii. Mwaka 1998 Kombe la Mataifa lilikuwa Burkina Faso. Habari ikafika kwamba Ndaye amekufa Angola, ajali ya machimbo ya almasi. Uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja kwa heshima yake. Na yeye alikuwa mzima, Cape Town, analinda magari! Watu waliweza kumlilia, ila kujua pahali analala hawakuweza.

Baadaye maisha yalilainika kidogo. Alioa kule, akafundisha timu ndogo za mtaa, na mwaka 2010 filamu ikatengenezwa juu ya maisha yake. Mwishoni moyo, figo na magoti vilimchosha, akawa wa kiti cha magurudumu. Alikufa Johannesburg tarehe 26 Januari 2019. Maneno mazuri yalisemwa na wengi siku zile.

Basi, sanduku. Kwa kanuni yetu, kotizasio inatoka mwanachama akifa: jeneza, turubai, bugali ya watu wa matanga. Ni jambo zuri, na hakuna aliyezikwa vibaya tangu tuanze. Lakini muzee akiugua goti mwaka mzima, kanuni haina neno. Nilimuuliza muhasibu, akanionyesha kitabu: hakuna mstari. Yaani kwetu, ili chama kikukumbuke, sherti uanze kufa.

Kuna golikipa mmoja wa zamani hapa Uvira. Jina silisemi, juu yuko ndani ya chumba hiki na alinikataza. Wakubwa wanamjua. Alidaka mipira uwanja ukajaa mpaka juu ya miti, akakimbia vita, akakaa kambini miaka, akarudi. Leo anatengeneza baiskeli, na mkono wa kulia haufungi vizuri. Hajawahi kuomba kitu. Sisi washabiki wake tulikuwa tunapita, tunamwambia "Muzee, ulikuwa hatari!", tunaendelea na safari. Bure kabisa, sifa haina bei.

Naomba mkutano upige kura leo, mbele ya chakula, tuongeze mstari mmoja katika kitabu: sehemu ya kotizasio ya kila mwezi iende kwa wazee wagonjwa walio hai, na watu wawili wawatembelee, waandike walichokuta. Muhasibu amesema sehemu ya tano inawezekana bila kuvunja matanga. Na marafiki wetu wa mbali, najua mnapenda kutuma pesa za cherehani na mbegu, picha yake inapendeza. Muzee anayekunywa dawa hapigiki picha nzuri. Naomba na hiyo muifikirie.

Mimi nimejiandikisha kwa ziara za kwanza, Alhamisi. Natafuta mtu wa pili.