Njia ya Kando ya Mto Tuipange Wenyewe

Ndugu wanakijiji,

Mmesikia kuwa itapimwa njia ya miguu na baiskeli kando ya mto wetu. Ni jambo jema. Lakini bwana mpimaji hajui akina mama wanateka maji wapi, ng'ombe wanateremkia wapi, wala masika maji hufika wapi. Ninyi mnajua.

Dar es Salaam, mwaka 2018, wakazi wa bonde la Msimbazi walikaa na wataalamu kulipanga bonde lao. Sisi je? Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na mpango wa ardhi ya kijiji haupiti bila mkutano huo.

Liko neno gumu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au za kuharibu ukingo, ndani ya meta 60 za mto. Hata njia yenyewe itaulizwa hapo. Na bustani zetu za mchicha zimo humo humo! Basi wenye bustani msikae nyuma kimya. Semeni kabla vigingi havijapigwa: mtahamia wapi, na nani atawaonyesha?

Jumamosi asubuhi tutaitembea njia yote, mpimaji akitufuata. Wenye baiskeli waje nazo, tuone kama zinapita.