Uchumi wa Afya: Shahada Inayoanzia kwa Maswali ya Nyumbani

Hotuba kwa watahiniwa wa kidato cha nne na wazazi wao, Maua, Igembe Kusini



Mtoto wa Maua akipata alama nzuri za sayansi, nyumbani huulizwa kama atakuwa daktari au muuguzi. Akisema anataka kusomea uchumi, huambiwa ataajiriwa benki. Katikati ya majibu hayo mawili kuna somo ambalo wengi hawajalisikia, nalo ni uchumi wa afya.

Chukua mfano wa kaunti yenye shilingi milioni 20 na maombi mawili mezani. Ombi la kwanza ni mashine mpya ya hospitali ya rufaa. La pili ni dawa za shinikizo la damu na kisukari za kutosha zahanati zote mwaka mzima. Fedha zinatosha ombi moja tu. Mashine hupigwa picha siku ya uzinduzi. Dawa hazipigwi picha. Mchumi wa afya ndiye anayepaswa kuonyesha, kwa hesabu, ni wagonjwa wangapi watafaidika kila upande, kwa gharama gani, na ni nani atakosa huduma uamuzi ukishafanywa.

Somo hili si geni Meru. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Germano Mwabu, ambaye baadaye alikuwa profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa akisomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Utafiti wake ulitegemea takwimu za familia za mashambani katika iliyokuwa Wilaya ya Meru. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: mtu akiugua, huenda wapi? Kuna zahanati ya serikali, hospitali ya misheni, kliniki ya kibinafsi, duka la dawa, mganga wa kienyeji, na kuna kubaki nyumbani. Alichokiona ni kwamba mgonjwa mmoja, kwa ugonjwa uleule, mara nyingi hupita kwa zaidi ya mtoa huduma mmoja. Katika kazi zilizofuata, yeye na wenzake walionyesha jinsi umbali, ada na kuwepo kwa dawa kunavyobadilisha uamuzi wa familia. Kila mama wa Igembe aliyewahi kufika zahanati na kuambiwa dawa zimekwisha anaujua ukweli huo. Kazi ya msomi ilikuwa kuupima hadi serikali iweze kuutumia.

Na serikali ilikuwa na haja ya vipimo hivyo. Desemba 1989 Kenya ilianza kutoza ada katika vituo vya afya vya umma. Mahudhurio yakashuka sana. Septemba 1990 ada ya kuhudhuria ilisimamishwa, na wagonjwa wakarudi. Ada zilirejeshwa hatua kwa hatua baadaye. Mwaka wa 2004 ikawekwa ada ndogo ya shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, na mwaka wa 2013 ada za ngazi hizo zikaondolewa. Kwa mtu asiyesoma somo hili, huo ni mfululizo wa matangazo ya serikali. Kwa mwanafunzi wa uchumi wa afya, ni maabara ya zaidi ya miaka 20.

Huko Busia, watafiti Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia wanafunzi waliopewa dawa za minyoo shuleni. Dawa zilipokuwa bure, takriban robo tatu ya watoto walizimeza. Wazazi walipotakiwa kuchangia kiasi kidogo, idadi ilishuka hadi chini ya mtoto mmoja kati ya watano. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019.

Hesabu za sasa ziko kwenye simu ya kila mzazi aliyepo. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, iliyokuwapo tangu 1966. Mwajiriwa sasa hulipa asilimia 2.75 ya mshahara. Anayepata shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750. Sasa hukatwa 550. Anayepata 100,000 alikuwa akikatwa 1,700. Sasa hukatwa 2,750. Mwenye kipato kidogo amepunguziwa na mwenye kikubwa ameongezewa. Mpaka hapo hesabu ni rahisi.

Ugumu uko kwa asiye na mshahara, na katika Igembe huyo ndiye wengi. Mchango wake hukadiriwa kwa kuangalia hali ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na sheria ilitaka ulipwe kwa mwaka mzima kwa pamoja. Mkulima wa miraa hana mwaka wa namna hiyo. Mvua ikinyesha sana, miraa hujaa sokoni na bei huanguka. Uingereza nayo iliipiga marufuku mwaka wa 2014. Je, mtu huyo alipe lini, na kiasi gani? Na wazima wakingoja hadi waugue ndipo walipe, mfuko utawatibuje waliokwisha kuugua? Anayetaka mradi wa mwaka wa mwisho chuoni hana haja ya kuvuka Meru kuutafuta.

Sasa kuhusu kuingia chuoni. Nchini Kenya jina "uchumi wa afya" hupatikana zaidi katika shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Nairobi huifundisha. Katika shahada ya kwanza, mwanafunzi huingia kupitia uchumi, uchumi na takwimu, afya ya umma au usimamizi wa mifumo ya afya. Kwa anayeweza kuchagua, uchumi na takwimu ni mlango bora. Mchumi anaweza kujifunza habari za magonjwa baadaye. Aliyeikimbia hisabati kwa miaka minne huona taabu sana kuirudia. Hata hivyo milango si mmoja. Edwine Barasa, mmoja wa wachumi wa afya wanaojulikana zaidi nchini, alianza na shahada ya famasia.

Wazazi waelezwe ukweli pia. Nafasi zenye jina hilo katika kaunti ni chache. Wahitimu hufanya kazi katika idara za mipango, bima, hospitali kubwa, taasisi za utafiti kama KEMRI, na mashirika ya misaada. Wengine huishia benki, kama jirani alivyotabiri.

Kabla ya kujaza chaguo kwenye mtandao wa KUCCPS, mwanafunzi akiulize chuo mambo matatu: alama ya hisabati inayotakiwa, idadi ya masomo ya takwimu katika miaka yote minne, na kama kuna mafunzo ya nyanjani hospitalini au katika idara ya afya. Chuo kisichokuwa na jibu la swali la pili kiachwe.