Umri wa Mtoto na Kalenda ya Ugenini

Maoni yetu ya jioni hii yahusu jambo ambalo wazazi husafiri nalo pasipo kulitia katika hesabu ya safari, nalo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto. Mtu apatapo kazi ya uuguzi Leicester, au nafasi ya masomo Göttingen, au hifadhi ya ukimbizi katika jimbo la Texas, huuliza habari za mshahara, za kodi ya nyumba, za baridi na za nauli, na kama ameazimia kufuatana na auladi wake huuliza pia kama shule zipo karibu. Lakini ni nadra kuuliza mtoto hupokewa na umri gani, kwa sababu jibu la swali hilo alilijua tangu utotoni mwake, wala halikupata kumpitikia wazo ya kuwa laweza kugeuka kwa kuvuka bahari.

Huku kwetu jambo hilo halina utata mkubwa. Kenya, chini ya mtaala ulioanza mwaka 2017, humtazamia mtoto akae chekechea miaka miwili kisha aingie gredi ya kwanza akiwa na miaka sita. Tanzania Bara kwa muda mrefu ilimngoja atimize saba, na sasa humpokea akiwa na sita. Na katika nchi zote mbili mwaka wa shule hufunguliwa Januari. Pwani na visiwani mtoto aghalabu hutangulia chuoni kwa mwalimu, akahifadhi sura fupi kabla kidole chake hakijazoea kalamu, na ni katika misingi hiyo ya chuo ndipo ulipoanza Mombasa, mwaka 1986, ule mpango wa madrasa za awali ulioongozwa na Bi Swafiya Said, ambao uliunganisha Kurani, michezo na matayarisho ya shule chini ya paa moja, ukafika Unguja na kisha Uganda. Nalitaja hilo kwa makusudi, maana wapo miongoni mwetu wanaodhani ya kuwa elimu ya mtoto mdogo ni hidaya tuliyoletewa na wageni, ilhali mama wa pwani alikuwa akimpeleka mwanawe kwa mwalimu tangu zamani.

Sasa tutazame Uingereza, ambako wauguzi wetu wengi wameelekeza nyuso zao. Sheria ya huko yasema kwamba elimu huwa faradhi kwa mtoto kuanzia muhula unaofuata siku ya kutimiza miaka mitano. Walakini desturi imeitangulia sheria, na karibu watoto wote huingia darasa la mapokezi, ambalo wenyewe huliita Reception, katika Septemba inayofuata kutimiza kwao miaka minne, hata yule aliyezaliwa tarehe 31 Agosti hujikuta amevishwa sare siku chache tu baada ya kutimiza minne, akaketishwa pamoja na mwenziwe ambaye karibu atatimiza mitano. Na umri huo wa miaka mitano usidhaniwe kuwa ulipimwa na matabibu au wanazuoni wa malezi. Ulitiwa katika sheria ya elimu ya mwaka 1870, iliyopelekwa Bungeni na William Forster, pasipo mjadala mrefu, na miongoni mwa sababu zilizoupa nguvu ilikuwa hii, kwamba mtoto akiwahi kuingia shule atawahi kutoka, na akiwahi kutoka atawahi kwenda kiwandani. Viwanda vile vingi vimekwisha kufungwa, na umri ule ungali umesimama palepale.

Fauka ya hayo, shule za Uingereza humpanga mtoto kwa umri wake, si kwa alichosoma. Chukua watoto wawili wa Morogoro, mmoja amezaliwa Julai 2018 na wa pili Oktoba ya mwaka uleule, ambao walianza darasa la kwanza asubuhi moja, Januari 2025. Wazazi wao wakihamia Birmingham na watoto wakaingia shule Septemba ya mwaka huo, wa Oktoba atawekwa mwaka wa pili, na wa Julai atawekwa mwaka wa tatu, pamoja na watoto waliokwisha kukaa shuleni miaka mitatu kamili wakisoma na kuandika kwa Kiingereza, hali yeye mkononi hana ila miezi michache ya darasa la kwanza, nayo ni ya Kiswahili. Hapo baba wa Julai hujisifu mbele ya jamaa ya kwamba mwanawe amerushwa madarasa kwa akili zake, na mama wa Oktoba hulalamika kwamba wake amedhulumiwa. Wote wawili wamesahau kutazama kalenda. Mpaka umepita tarehe 1 Septemba, basi. Aliyezaliwa upande huu wa mpaka ni wa darasa hili, na wa upande ule ni wa darasa lile, na akili haikuulizwa neno.

Tena kuna kituko cha mwaka wa kwanza. Mwisho wa mwaka huo mtoto hupewa maneno 40 ayasome kwa sauti, na 20 kati ya hayo hayana maana yoyote, yametungwa tu na kuchorewa picha za mazimwi, ili ijulikane kama msomaji anaunganisha sauti za herufi au anabahatisha. Mtoto aliyefika karibuni kutoka Tanga, ambaye alifundishwa ba, be, bi, bo, bu, anayo faraja moja katika mtihani huo: kwake yeye maneno yote 40 hayana maana, wala zimwi halimtishi kuliko lile neno la kweli lililo pembeni yake.

Ujerumani mizani imeinamia upande mwingine. Huko ndiko Friedrich Fröbel alikofungua, mwaka 1837, katika mji mdogo wa Bad Blankenburg, nyumba ya michezo ya watoto ambayo baadaye aliipa jina la bustani yao, na jina hilo likaenea ulimwenguni. Na serikali ya Prussia ikaipiga marufuku mwaka 1851 kwa kuiogopa, kana kwamba vitoto vyenye vipande vya mbao vingeweza kuangusha ufalme. Shule yenyewe Ujerumani huanza na umri wa miaka sita, na tarehe ya mpaka hutofautiana kwa jimbo, hata mtoto wa Agosti akiwa Berlin, ambako mpaka ni 30 Septemba, ataanza mwaka huu, na akiwa Baden-Württemberg, ambako mpaka ni 30 Juni, wazazi wake wanaweza kungoja mwaka ujao. Kabla ya hapo mtoto anayo haki, tangu Agosti 2013, ya kupewa nafasi katika nyumba ya malezi mara atimizapo mwaka mmoja, ijapokuwa haki ni jambo moja na nafasi iliyo tupu ni jambo la pili, na katika miji mikubwa wazazi husubiri sana. Akishapokewa, mzazi hutakiwa kukaa naye humo siku nyingi, kidogo kidogo akitoka na kurudi, mpaka mtoto atulie. Na aliyezoea kumwacha mwana langoni akilia na kwenda zake kazini huona taratibu hizo kuwa ni deko.

Wakenya wengi watayaona hayo kwa macho yao, baada ya serikali yao na ya Ujerumani kutia saini Berlin, Septemba 2024, mkataba wa kupeleka watu kazini. Na najua lalamiko litakalofuata, kwa kuwa wale waliotangulia wamekwisha kulitoa: mtoto ana miaka mitano, binamu yake Nairobi anasoma vitabu vya hadithi, naye kutwa yumo katika matope na makaratasi ya rangi, hajui hata herufi. Mimi, kwa mawazo yangu, sioni hasara hapo. Finland humngoja mtoto mpaka mwaka atakaotimiza saba, na tangu 2015 haimlazimishi kabla yake ila mwaka mmoja tu wa matayarisho, wala haikupata kuwa taifa la wajinga. Mtoto mhamiaji ambaye amepewa miaka miwili ya kucheza amepata lugha ya watu kabla ya kudaiwa kuisoma, na anayedaiwa kuisoma kabla ya kuipata amebebeshwa mizigo miwili kwa mara moja. Ile miaka iliyo mitupu ndiyo miaka ya Kiswahili cha nyumbani, cha ngano na vitendawili na simu za bibi, maana mwalimu wa kigeni atamfundisha mtoto kila kitu ghairi ya hicho.

Kwa sababu hiyo, kwa wale wa Uingereza ambao watoto wao wamezaliwa baina ya Aprili na mwisho wa Agosti, nasema wasione aibu kuomba kwamba mtoto aanze darasa la mapokezi akiwa na mitano badala ya minne. Sheria yawaruhusu kuomba, na uamuzi ni wa wenye shule. Wala wasiziache zile saa 15 za malezi kwa juma, katika majuma 38 ya mwaka, ambazo kila mtoto wa miaka mitatu na minne huzipata bure. Wengi huziogopa kwa kuwa viza zao zimeandikwa kwamba wasiguse fedha za umma, na saa hizo hazihesabiwi katika fedha hizo. Maombi ya darasa la mapokezi hufungwa tarehe 15 Januari, miezi minane kabla ya shule kufunguliwa, na halmashauri hutaka ithibati ya mastakimu ya mwombaji.

Ndugu zetu wa Kongo waliopelekwa Texas wanayo njia nyingine. Huko darasa la awali la serikali ni bure kwa mtoto aliyetimiza minne kufikia 1 Septemba ikiwa hajui Kiingereza, yaani ule upungufu anaouonea haya mzazi ndio ufunguo wa mlango. Na shule haina ruhusa ya kumfungia nje mtoto kwa upungufu wa vibali vya ukaazi, kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Texas hiyohiyo.

Limebaki la karatasi. Wako wazazi waliomwongezea mtoto mwaka ili awahi darasa la kwanza, na mwaka huo wa hila ukaingia katika shahada ya kuzaliwa, kisha katika pasi. Ugenini mwaka huo hautoki tena, na mtoto wa miaka sita hutiwa darasa la wenye saba, akaandikwa kuwa mzito wa kufahamu. Anayeweza kusahihisha kwa njia halali na asahihishe kabla ya kuomba viza. Kadhalika kadi ya kliniki: Ujerumani, tangu Machi 2020, nyumba za malezi na shule hudai ithibati ya chanjo ya surua, na kwa mtoto aliyetimiza miaka miwili hudai mbili, ambazo huku kwetu hutolewa katika mwezi wa tisa na wa kumi na nane. Asiye na kadi hulazimika kuanza upya kwa daktari, na nafasi aliyoingoja muda mrefu hupewa mwingine. Basi kadi hiyo na iwekwe katika mkoba wa mkononi pamoja na pasi, kwa kuwa masanduku ya ndege yana tabia ya kufika siku nyingine.