WATOTO WETU NA UWANJA WA UKUMBUSHO WA 7 AGOSTI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi, Makadara)



Kamati imetutuma tuseme juu ya shauri lililoletwa na wazazi wa Makongeni, Mbotela na Jericho. Walimu wanataka kuwapeleka watoto mjini kuuona uwanja wa ukumbusho wa 7 Agosti. Wazazi wengine wamekubali, wengine wamekataa, na maneno yamekuwa makali. Basi sisi tuliotumwa tulikwenda, tukatazama, na sasa twaleta habari.

Kwanza tukumbushane mambo yenyewe, maana wengi wetu hapa tulikuwa watoto wadogo wakati ule. Siku ya Ijumaa, 7 Agosti 1998, kabla ya saa tano ya asubuhi, watu wa Al-Qaeda walileta lori lenye baruti nyuma ya Ubalozi wa Marekani. Ubalozi ulikuwa pale pembeni pa Barabara ya Moi na Barabara ya Haile Selassie, karibu kabisa na stesheni yetu ya Nairobi. Walinzi wa lango walikataa kuwafungulia, na lori likalipuliwa papo hapo nje. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani likaanguka, na lile jumba refu la Ushirika likaharibika vibaya. Watu 213 walikufa, na zaidi ya 4,000 waliumizwa. Asubuhi ile ile ubalozi wa Dar es Salaam nao ulilipuliwa, wakafa watu 11. Uwanja wa ukumbusho ulifunguliwa mahali pale mwaka wa 2001. Pana bustani, pana ukuta wenye majina ya waliokufa, na pana nyumba ya kuonyesha picha na habari za siku ile.

Sasa tuyajibu maneno ya wale waliokataa, maana si maneno ya kijinga.

Neno la kwanza ni hili: hayo yalikuwa mambo ya Wamarekani, yatuhusu nini? Ndugu zangu, katika wale 213, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote ni watu wetu: makarani, wapiga taipu, matarishi, walinzi, wanafunzi wa uhazili, abiria waliokuwa ndani ya basi, na watu waliokuwa wakipita njia. Ule ukuta ni orodha ya wafanya kazi. Tena, mwaka wa 2020 Serikali ya Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya mashambulio yale na ya meli moja ya kivita ya Marekani. Lakini karani wa jumba la jirani na mpita njia hawakuwekewa fungu katika mapatano hayo. Mtoto akiyasoma majina yale atajua ni nani aliyekufa, na ni nani ambaye bado anadai haki yake. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kusema jambo hilo halikihusu.

Neno la pili: watoto wataogopa. Hilo ni kweli, nasi hatutaki mtoto mdogo aonyeshwe damu. Lakini wafanya kazi wa reli twajua kwamba kanuni nyingi za kazi yetu ziliandikwa baada ya ajali. Gadi na dereva wanafundishwa habari za ajali ya zamani ili wasiirudie. Siku ile ya 1998 ulitangulia mlio mdogo wa guruneti. Watu maofisini wakaacha kazi, wakaenda madirishani kutazama. Ndipo mlipuko mkubwa ukaja, vioo vikawapiga usoni, na wengi wakapoteza macho. Mtoto aliyefundishwa jambo hili atajua kwamba akisikia mlio asikimbilie dirishani, bali ajitenge na kioo na kulala chini. Je, hilo si la kufaa? Tangu wakati ule tumeona Westgate mwaka wa 2013, Chuo Kikuu cha Garissa mwaka wa 2015 walipouawa watu 148, na hoteli ya Dusit mwaka wa 2019. Hofu ya mtu asiyejua la kufanya ni mbaya kuliko ya yule aliyefundishwa.

Neno la tatu ndilo zito. Mama mmoja wa Kiislamu alisema, "Watoto wakirudi kutoka huko, wangu ataonyeshwa kidole." Ndugu zangu, tusilicheke neno hilo. Mwezi wa Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Watoto wao wanasoma pamoja na wetu. Kwa hiyo mwalimu asiwapeleke watoto pale kabla ya kuwaambia wazi kwamba waliokufa walikuwa Wakristo na Waislamu. Tena awasimulie habari za Mwalimu Salah Farah. Mwezi wa Desemba 2015, karibu na El Wak katika Mandera, watu wenye bunduki waliliteka basi wakataka Waislamu watengwe na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafa mwezi wa Januari 2016. Mtoto akilijua hilo, hatamwonyesha mwenzake kidole. Asipofundishwa, ataokota maneno ya barabarani, na hayo ndiyo yatakayomfanya amchukie jirani.

Basi twaomba mkutano ukubali mambo manne:

1. Waende watoto wa gredi ya sita na kuendelea. Wadogo wangoje.

2. Kila safari iwe na wazazi wawili, wa dini mbalimbali, pamoja na mwalimu. Mtoto akitaka kutoka nje akakae bustanini, aachwe atoke na mtu mzima.

3. Wapande treni hapa stesheni ya Makadara, washuke Nairobi, waende kwa miguu. Nauli na kiingilio cha mtoto ambaye mzazi wake hana kitu kilipwe kwa mchango wetu. Asibaki mtoto kwa sababu ya umaskini.

4. Kama kuna mmoja wetu, au jirani, aliyeumizwa siku ile au aliyefiwa, naye akapenda, aombwe aende na watoto awaambie mwenyewe. Asilazimishwe mtu.

Yule mama yupo hapa leo. Twamwomba awe mmoja wa wazazi wawili wa safari ya kwanza, kama atakubali. Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Twaomba mikono ipigiwe hesabu.