Viambishi Mdomoni mwa Mtoto: Nadharia za Uamiliaji Lugha Zikipimwa kwa Kiswahili



Mtoto wa miaka miwili anayekulia katika Kiswahili husema "taka maji" pale ambapo mama yake angesema "nataka maji". Husema "anguka" akimaanisha "imeanguka". Tunayasikia maneno hayo kila siku, tunatabasamu, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Mada yangu inaomba tuyasikilize kwa makini zaidi, maana yamebeba ushahidi ambao nadharia kubwa za uamiliaji lugha ziliandikwa bila kuutazama. Nyingi ya nadharia hizo zilizaliwa kwa watu waliokuwa wakisikiliza watoto wa Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake hubeba viambishi vichache mno. Kitenzi chetu kimoja, "watamletea", kina mtenda, wakati, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea. Mtoto wetu ana kazi ya kukifumua chote hicho, tena bila mwalimu.

Kazi hiyo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1980 DeCasper na Fifer walionyesha kwamba kichanga wa siku chache tu hupendelea sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwingine. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, waliona kwamba watoto wa miezi sita hadi minane waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa Kiingereza hupata shida kuzitofautisha. Kufikia mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umefifia. Mwaka 1996 Saffran, Aslin na Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi minane mfululizo wa silabi usio na kituo wala maana kwa dakika mbili tu, na watoto wakatambua ni silabi zipi hufuatana mara kwa mara kama neno. Kwa hiyo yule anayebwabwaja "bababa" mgongoni mwa mama yake amekwisha kufanya hesabu nyingi kabla ya kutamka neno la kwanza.

Sasa, anayafanyaje haya? B. F. Skinner, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alijibu kwamba lugha ni tabia kama tabia nyingine: mtoto huiga, akipatia hutuzwa, na kilichotuzwa hudumu. Mwaka 1959 Noam Chomsky alichapisha tahakiki kali ya kitabu hicho. Hoja yake, aliyoiendeleza katika kazi zilizofuata, ni kwamba mtoto hutunga sentensi ambazo hajawahi kuzisikia, na kwamba anachokisikia hakitoshi kueleza anachokuja kukijua. Basi lazima azaliwe na maandalizi maalumu ya lugha, kile ambacho wanaisimu wetu hukiita sarufi bia. Jean Berko alikuwa ameshatoa ushahidi mzuri mwaka 1958, alipowaonyesha watoto picha za viumbe vyenye majina ya kubuni, nao wakayaundia wingi sahihi. Huwezi kuiga neno ambalo halijawahi kuwepo. Tena Roger Brown na Camille Hanlon waligundua mwaka 1970 kwamba wazazi hawakuwa wakituza sarufi. Walichokubali au kukikataa ni ukweli wa maneno ya mtoto. Nadhani ndivyo ilivyo hata kwetu. Mtoto akisema "baba enda kazini" na kweli baba ameenda, tutamjibu "ndiyo", wala hatumtozi kiambishi kilichokosekana.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto wanne wa Nairobi na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2005. Aliona kwamba katika umri mdogo watoto hao hudondosha kiambishi cha mtenda, au cha wakati, au vyote viwili, na wakati mwingine husema kitenzi kizima. Wanapovitumia viambishi hivyo, kuvichanganya ni nadra. Mtu anaweza kusema sababu ni sauti tu: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo mwanzo wa neno hausikiki vizuri na mtoto anauacha. Maelezo hayo yanavutia, ila yana tatizo. Kiambishi cha mtendwa, kama "ku" katika "nimekuona", kwa kawaida nacho hakibebi mkazo, lakini watoto wa Deen walikitumia panapostahili karibu kama watu wazima. Kama sikio peke yake ndilo lingekuwa likiamua, vyote vingedondoka pamoja. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kwamba mtoto anajenga mfumo, na kwamba sehemu za mfumo huo hazikomai kwa pamoja.

Niongeze jambo ambalo walimu mnalijua. Mtoto wa Nairobi husema "kitabu yangu", naye Mswahili wa Lamu au Unguja atasema hajui ngeli. Lakini watu wazima wengi wanaomzunguka husema hivyo hivyo. Amekipata kikamilifu kile alichokisikia. Kiswahili sanifu atakikuta darasani, akijifunze kama lahaja ya ziada, wala asionekane ana upungufu.

Ushahidi mwingine unatoka kwa majirani zetu wa Kibantu. Watoto wa Kiingereza huchelewa kutumia kauli ya kutendwa, na mwaka 1987 Borer na Wexler walipendekeza kwamba sehemu hiyo ya sarufi husubiri ubongo ukomae. Mwaka 1989 Katherine Demuth alileta data kutoka Lesotho: watoto wa Kisotho walikuwa wakitumia kauli hiyo kabla ya kutimiza miaka mitatu. Ubongo wa mtoto wa Lesotho haukomai kwa ratiba yake mwenyewe. Tofauti imo katika lugha anayoisikia, kwani Kisotho hakiruhusu kuuliza "nani" katika nafasi ya kawaida ya mtenda, na njia mojawapo ya kuuliza ni kutumia kutendwa. Sisi nasi humuuliza mtoto anayelia, "Umepigwa na nani?" Sijamwacha Chomsky kwa sababu ya Lesotho, ila naona wazi kwamba maandalizi ya kuzaliwa nayo husubiri chakula kutoka kwa wasemaji.

Chakula hicho ndicho walichokisisitiza Vygotsky, na baadaye Jerome Bruner katika kitabu chake cha mwaka 1983: mtoto huipata lugha ndani ya shughuli anazoshiriki na mtu mwingine, kama kuoga, kula, au mchezo wa kujificha. Nakubaliana nao, kwa sharti kwamba tusidhani mtu huyo ni lazima awe mama aliyeketi ana kwa ana na mwanawe. Huku kwetu watoto wengi hulelewa pia na dada, kaka na kundi la uwanjani. Sara Harkness na Charles Super walioishi Kokwet, katika jamii ya Wakipsigis nchini Kenya, waliandika mwaka 1977 kwa nini watoto wa Kiafrika ni vigumu kupimwa. Mtoto aliyefunzwa kusikiliza na kutii hawezi kumwaga maneno mbele ya mgeni mzima anayemuuliza maswali. Ukimya wake ni adabu. Mwalimu anayeandika "hajui kuongea" katika wiki ya kwanza ya shule anapima adabu na kuiita upungufu wa lugha.

Kutokana na hayo napendekeza mambo mawili. Kwanza, tupunguze kumkatiza mtoto ili kumsahihisha. Akisema "toto lala", mwitikie, "Eeh, mtoto amelala. Amelala wapi?" Umbo kamili amelisikia, na mazungumzo hayakukatika. Msikilizeni pia akicheza na wenzake kabla ya kuandika lolote juu ya lugha yake.

Pili, subira hii ina mpaka. Kwa kawaida neno la kwanza huja karibu na mwaka mmoja, na kuunganisha maneno mawili huja kabla au karibu na miaka miwili. Mtoto wa miaka miwili asiyesema neno lolote, au asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, asiachwe kwa maelezo kwamba watoto wa kiume huchelewa au kwamba baba yake naye alichelewa. Apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio. Akibainika kuwa ni kiziwi, akutanishwe mapema na lugha ya alama, kwa sababu uwezo tuliouzungumzia leo hauhitaji sauti, lakini unahitaji lugha katika miaka hii hii ya mwanzo.