Tumkumbuke Msomi wa Kilimo



Leo tunamkumbuka kijana Clemence Mtenga wa Rombo, Kilimanjaro. Kwao ni migomba na kahawa, kwetu Kakese ni mpunga na mahindi. Lakini mkulima ni mkulima tu.

Clemence alisoma kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Baada ya masomo, Septemba 2023, alikwenda Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas walivamia sehemu ile. Clemence akauawa. Alikuwa na miaka 22. Jamaa zake walikaa zaidi ya mwezi bila kujua kama yu hai. Kifo kilithibitishwa katikati ya Novemba, mwili ukaletwa, akazikwa kwao.

Mwenzake Joshua Mollel, miaka 21, naye alikwenda kujifunza kilimo, akauawa siku ileile. Mwili wake ulipatikana Novemba 2025. Wazazi wamengoja miaka miwili! Jamani, uchungu ulioje.

Basi, tufanyeje? Kulia tumelia. Lakini machozi hayapalilii shamba. Yako mambo mawili tunayoweza.

Kwanza, tutumie kalamu yetu. Kijana akisafiri mbali kwa kazi au masomo, tuandike katika daftari: jina la mwajiri wake, mahali anapokaa, namba ya simu, namba ya pasi, na simu ya ubalozi wetu. Daftari likae nyumbani. Siku ya shida hatutaanza kuulizana.

Pili, vijana wetu wakirudi kutoka chuoni tusiwacheke. Mara ngapi tunasikia: "Kasoma kote huko, karudi kushika jembe!" Maneno hayo yanamfukuza kijana. Afadhali tumpe jaruba moja, apande mpunga kwa mistari kama alivyofundishwa. Sisi tupande jaruba la pili, la ukubwa uleule, kama tulivyozoea. Siku ya kuvuna tupime mavuno ya pande zote mbili, tuandike. Akitushinda, tumfuate. Tukimshinda, tumfundishe ya kwetu. Hapo nani kapata hasara? Hakuna.

Clemence hakujaliwa kurudi kuwafundisha watu wake yale aliyojifunza. Vijana wetu wapo. Tuwasikilize wangali hai.